Risasi ya Mauser kwenye meza ya Springfield: uchambuzi wa kisa kimoja cha siku ya wageni

Klabu ya kulenga shabaha katika jimbo la Ohio, Marekani, imetenga Jumamosi moja kwa watu ambao hawajawahi kupiga bunduki. Wanachama wameleta silaha zao za kale za kijeshi, kila mmoja na meza yake, na wageni wanapita meza hadi meza wakijaribu. Saa tano asubuhi mgeni mmoja ameketi nyuma ya Springfield M1903. Ameweka risasi moja na kusukuma mbele bolti, komeo la chuma linaloifunga risasi kwa nyuma. Imeenda mpaka karibu na mwisho, lakini mkono wa bolti haukubali kushuka. Anakaza. Haushuki. Anainua kiganja ili aupige. Msimamizi wa mstari, aliyekuwa hatua tatu nyuma yake, anapaza sauti: "Simama!" Bolti inapovutwa nyuma, ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, inabaki risasi ya milimita 8 ya Mauser, ambayo mahali pake ni meza ya jirani.

Hakuna aliyeumia na hakuna kilichovunjika. Kisa chenyewe ni cha mfano: klabu na watu hawana majina kwa sababu tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia popote watu wanapoazimana bunduki za zamani. Bunduki, vipimo na sheria tunazozitaja ni za kweli. Na tumechagua kisa kisicho na damu kwa makusudi. Bunduki ikipasuka, kila mtu hukimbilia kutazama chuma. Isipopasuka, unapata nafasi ya kutazama watu, na kwenye mikusanyiko ya aina hii kasoro mara nyingi iko kwa watu, tena wale wakarimu zaidi.

Dai letu ni hili: bunduki ya kale, risasi zake na mwenyewe ni kitu kimoja. Siku ile vilitenganishwa, kila kimoja kwa nia njema.

Meza zilivyopangwa

Meza ya 1 ilikuwa na bunduki ndogo ya .22, isiyo na teke wala kelele nyingi. Meza ya 2, M1 Garand, iliyoingia jeshini mwaka 1936. Meza ya 3, Mauser Kar98k ya Kijerumani, modeli ya 1935. Meza ya 4, M1903. Meza ya 5, Lee-Enfield No. 4, ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa jina la Mark 4 kwa sababu ilikaa mikononi mwa askari wa akiba na walinzi wa vijiji miaka mingi baada ya uhuru. Meza ya 6, Mosin-Nagant 91/30 ya Urusi.

Mauser na Springfield ziliwekwa jirani kwa sababu nzuri kabisa: ni ndugu. Wamarekani walipobuni M1903 waliazima mengi kutoka Mauser, hadi serikali yao ikalazimika kulipa mrabaha wa dola 200,000. Mgeni akiketi kwenye moja kisha nyingine anaona mwenyewe undugu huo: bolti yenye vifungio viwili mbele, kucha ndefu ya kuvutia maganda ubavuni, klipu ya bati yenye risasi 5 inayosukumwa kutoka juu. Kama somo la historia, mpangilio ulikuwa bora. Kwa usalama ulikuwa mbaya kuliko mipangilio yote ambayo ingewezekana kwa meza hizo sita, na sababu tutaifikia.

Ukaguzi wa asubuhi, ambao ulifanyika sawasawa

Haingekuwa haki kuitazama klabu hii kama ya wazembe. Kabla wageni hawajafika, kila bunduki ilipita meza ya ukaguzi. Mtutu ulimulikwa tochi kuhakikisha hakuna kitambaa wala grisi ya kuhifadhia iliyoganda. Nafasi kati ya uso wa bolti na chemba ilipimwa kwa vipimo vya chuma. Kipimo cha mwisho huitwa Field, na bolti ikifungika juu yake bunduki haipigwi siku hiyo, hata mwenyewe aape kwamba imempigia vizuri miaka ishirini. Nambari zote zilisomwa.

Nambari hizo ziliiondoa bunduki moja. Mwanachama mmoja alileta M1903 ya pili, yenye nambari katika laki sita na kitu, ikaenda kwenye meza ya maonyesho bila bolti. M1903 za kiwanda cha Springfield zenye nambari chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, zilitengenezwa wakati joto la chuma tanurini lilikadiriwa kwa macho ya fundi. Siku ya jua kali wekundu wa chuma huonekana hafifu kuliko ulivyo, fundi hungoja zaidi, chuma kinaungua. Bodi iliyoungua, yaani kiunzi cha chuma kinachoshika bolti na mtutu, inaweza kupiga maelfu ya risasi bila tatizo, kisha ikameguka kama kigae siku ganda moja linapopasuka. Mwaka 1918 viwanda vilibadili utaratibu. Civilian Marksmanship Program, taasisi inayouzia raia wa Marekani bunduki za ziada za jeshi, inashauri zile za nambari ndogo zisipigwe kabisa. Klabu ilifuata ushauri huo bila mabishano.

Kwa hiyo M1903 iliyokuwa meza ya 4 ilikuwa nzima na ya nambari kubwa. Hatari iliyozoeleka na inayojadiliwa kila mwaka ilikuwa imezibwa. Iliyobaki wazi haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Meza ya usajili nayo ilifanya jambo ambalo klabu nyingi husahau, na linawahusu sana wasomaji wetu walio Marekani. Kila mgeni aliulizwa, faraghani na kwa adabu, kama yuko nchini kwa viza ya muda. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi mikononi, hata kwa dakika kumi uwanjani, isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa. Msamaha unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hili. Mwanafunzi kutoka Mombasa au Mwanza anayealikwa na rafiki "aje ajaribu tu" anaweza kuharibu viza yake kwa picha moja ya simu, na rafiki aliyempa bunduki naye ana kesi yake. Mwenyeji asiyeuliza swali hili anamtendea mgeni vibaya hata akimpa chai na kitumbua. Na aliye Kenya au Tanzania asidhani anaweza kuiga siku kama hii kwa kukusanya marafiki: huko kibali humtaja mtu na silaha yake, na kumpa mwingine aishike ni suala la polisi, si la ukarimu.

Risasi ilivyohama meza

Saa nne na dakika arobaini mstari ulisitishwa ili watu wakabadilishe karatasi za shabaha. Kwenye meza ya 3 mgeni alikuwa amepiga risasi 3 kati ya 5 na kusema bega linamtosha. Mwenye Mauser akazitoa 2 zilizobaki ndani ya magazini, yaani ghala la risasi la bunduki, akaziweka juu ya meza, akaacha bolti wazi na kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa ndani ya chemba, akaenda kwenye shabaha pamoja na mgeni wake. Yote hayo yalikuwa sahihi.

Wakati wako mbele, mwanachama mwingine alipita akipangusa meza na kuokota maganda. Kanuni ya uwanja inasema mstari ukisitishwa hakuna anayegusa bunduki, naye hakugusa bunduki. Aliokota risasi mbili zilizokuwa zikizunguka juu ya mbao na kuziweka ndani ya kopo lililo wazi kati ya meza ya 3 na ya 4, akidhani ni la wote wawili. Lilikuwa la Springfield.

Mstari ulipofunguliwa, mwenye Springfield aliitwa meza ya usajili kusaidia kubeba fremu za shabaha. Akamwomba mwenzake ashike nafasi yake kwa dakika tano. Mwenzake huyo si mtu wa kubahatisha. Ana bunduki zake nne za aina hii na anajua M1903 vizuri. Alichokuwa hajui ni kilichomo ndani ya kopo, kwa sababu si yeye aliyelijaza.

Mgeni akaketi. Akaambiwa, kama inavyotakiwa, aanze na risasi moja. Kwenye M1903 kuna kitufe upande wa kushoto chenye ON na OFF. Kikiwa OFF, bolti hairudi nyuma kiasi cha kuchukua risasi ya magazini, hivyo unaweka risasi moja moja kwa mkono. Mgeni akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa ya kwanza iliyogusa vidole vyake.

Kwa nini hakuna aliyeiona

Risasi hizi mbili zimefanana kuliko watu wanavyofikiri. Kitako cha ganda ni kilekile, karibu milimita 12. Zote hazina ukingo unaojitokeza nje, zote ni za shaba ya njano. Ganda la .30-06, risasi ya Springfield, lina urefu wa milimita 63, la Mauser 57. Lakini kichwa cha Mauser, yaani kipande kinachoruka, hutokeza zaidi, hivyo risasi nzima ni kama milimita 82 dhidi ya 85. Milimita tatu. Mtu aliyezishika kwa miaka huziona tofauti mezani bila kufikiri. Mgeni anaona risasi.

Upana ndio wenye balaa. Kichwa cha .30-06 kina kipenyo cha milimita 7.82, cha Mauser 8.20. Shingo ya ganda la Mauser nayo ni nene kidogo, 8.9 dhidi ya 8.6, na hiyo ndiyo iliyoigomesha bolti. Chemba ya .30-06 ni ndefu, inalimeza ganda la Mauser vizuri mpaka mahali shingo inapoanza, hapo ndipo chuma kinabana. Mkono wa bolti una mwinuko wa kukazia wenye nguvu nyingi. Ukiupiga kwa kiganja, shaba inakubali na bolti inafungika.

Kinyume chake hakiwezekani. Risasi ya .30-06 haiingii kwenye Mauser ya 8x57 kwa sababu ni ndefu mno. Bega lake linagota mapema na bolti haifiki popote. Hatari ilikuwa ya njia moja, kutoka meza ya 3 kwenda ya 4. Ndiyo maana tumesema mpangilio ule ulikuwa mbaya kuliko yote: kati ya bunduki sita, mbili pekee ambazo risasi ya moja ingeweza kulazimishwa ndani ya nyingine ya ukubwa huo ziliwekwa bega kwa bega, zikitenganishwa na kopo. Garand nayo hupiga .30-06, lakini hula kwa klipu ya risasi 8 iliyopangwa na mwenyewe, kwa hiyo risasi ngeni huonekana wakati wa kuipanga.

Jambo hili lina historia. Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi la Marekani aliyechunguza ajali za M1903, aliorodhesha miongoni mwa sababu risasi za Kijerumani zilizopigwa ndani ya bunduki hizi wakati wa Vita vya Kwanza. Kichwa kipana kikilazimishwa kwenye mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kupita kile ambacho ganda linaweza kukizuia, kitako cha ganda hupasuka, na gesi hutafuta njia ya kutokea. Kwenye Mauser ya 98 njia imeandaliwa: bolti ina matundu mawili ya kuelekeza gesi pembeni, na kifuniko cha nyuma cha bolti kina ukingo mpana unaoikinga sura ya mpigaji. Wamarekani walipoazima, sehemu hiyo hawakuichukua. M1903 ina kitundu kimoja tu cha asili, kingine kiliongezwa miaka ya 1930 ubavuni kushoto, na nyuma haina ule ukingo. Sehemu ya gesi hushuka ndani ya magazini, hufumua bamba la chini na kupasua kitako cha mbao. Anayesimama ubavuni kumwelekeza mgeni yuko kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo miwani ya kinga ni ya wote wawili, na ya watazamaji walio nyuma.

Nyongeza kuhusu majina: usiamini jina la bunduki. Norway ilibadili mitutu ya Kar98k walizoachiwa na Wajerumani ikawa .30-06, na Israeli ilibadili zake kuwa 7.62 ya NATO. Kwa nje ni Kar98k zote. Anayepanga meza asome alama zilizogongwa kwenye chuma, na akiwa na shaka amwachie fundi wa bunduki apime chemba.

Mgeni alifanya alichofundishwa

Mazungumzo baada ya tukio yalianza na swali la "kwa nini alilazimisha?" Swali hilo linamtazama mtu asiyehusika. Kabla ya meza ya 4, mgeni huyu alipitia meza ya 1 kisha ya 6. Kwenye Mosin bolti ilikwama baada ya kila risasi, na mwenyewe, kwa kicheko, alimwonyesha jinsi ya kuupiga mkono wa bolti kwa kiganja. Bunduki za Kirusi ndivyo zilivyo, alisema. Dakika ishirini baadaye mgeni alikutana na bolti nyingine ngumu, akafanya kama alivyoonyeshwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mosin haikuumbwa kukwama. Mara nyingi ni mabaki ya grisi ya kuhifadhia yaliyoganda kwenye chemba. Chuma kikipata moto yanakuwa gundi, na ganda linashikwa. Dawa ni brashi ya shaba ya bunduki ya marisau ya geji 20 iliyofungwa kwenye mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu) mfupi, kiyeyusho, na dakika kumi na tano za kuzungusha, kisha kukausha kabisa. Aliyeacha chemba chafu kwa sababu "ndivyo zilivyo" aliuza somo baya kwa uwanja mzima.

Na mwenyeji wa muda? Aliuona mkono wa bolti ukigoma. Hakushtuka kwa sababu alikuwa na maelezo: risasi ikiwekwa kwa mkono, kucha ya kuvutia maganda hulazimika kuruka juu ya ukingo wa ganda mwishoni, na mpigaji huhisi ugumu kidogo. Ni kweli kabisa. Asiyeijua M1903 angesimamisha pale pale. Yeye alijua kiasi cha kujijibu. Msimamizi wa mstari hakuwa na maelezo yoyote kichwani, aliona tu kiganja kinapanda.

Kuitoa risasi iliyokwama

Bolti ilikuwa haijafungika, hivyo kucha haikuwa imeishika risasi. Bolti ilirudi mtupu na risasi ikabaki. Mstari mzima ulisitishwa, watu wakarudi nyuma ya mstari wa njano, mwenye bunduki akaitwa. Alitoa bolti yote. Kwenye M1903 unaweka kile kitufe katikati, kati ya ON na OFF, na bolti inateleza nje. Kisha, mdomo wa mtutu ukielekea tuta, aliinua bunduki kidogo na kugonga kitako taratibu juu ya mkeka wa mpira mpaka risasi ikaanguka. Kusukuma risasi hai kwa mdeki kutoka mdomoni kwa kugonga nyundo hakuruhusiwi uwanjani. Ingekataa, bunduki ingefungwa bila bolti na kupelekwa kwa fundi.

Kisha ikaja hesabu: mbili zilitoka Mauser, moja imepatikana. Uwanja haukufunguliwa mpaka kopo lilipomwagwa na ya pili kuonekana kati ya risasi 11 za .30-06.

Kilichobadilishwa

Kopo la wazi liliondoka. Kila mwenye bunduki ana kasha lake lenye kifuniko, na utepe wa rangi moja umebandikwa kwenye kasha na kwenye kitako cha bunduki: bluu na bluu, njano na njano. Kasha hufungwa kila baada ya kutoa risasi. Mgeni hachukui risasi mwenyewe. Anapewa kiganjani na mwenyeji, ambaye anasoma maandishi ya kitako cha ganda kabla ya kuiachia. Kwanza 1. Akipiga bila kuyumba, 2. Klipu ya 5 ni ya mgeni ambaye tayari kidole chake kinakaa nje ya kifyatulio bila kukumbushwa.

Mwenye bunduki akiondoka, bolti inaondoka naye mfukoni. Hii ndiyo kanuni tunayoitetea kwa nguvu zaidi, na ndiyo iliyopingwa zaidi, kwa hoja kwamba inapoteza muda na inawatilia shaka wenzake. Kutoa bolti ya Mauser ni kuvuta kizuizi cha kushoto na kuiteleza nyuma, sekunde tatu. Kuhusu kutiliana shaka, mwenzake wa meza ya 4 aliaminika, na alistahili kuaminiwa. Kilichokosekana ni kwamba hakujua kopo lilijazwa na nani. Bunduki isiyo na bolti haiombi mtu wa kushika nafasi.

Risasi yoyote inayookotwa ikiwa peke yake, hata ikijulikana wazi ni ya nani, huenda kwenye kasha la yatima lililofungwa kwa msimamizi wa mstari na haipigwi tena siku hiyo. Hasara yake ni senti kadhaa kwa kila risasi.

Meza zilipangwa upya. Mauser ilipelekwa mwisho wa kushoto, Springfield na Garand mwisho wa kulia, katikati zikakaa Lee-Enfield na Mosin. Hizi mbili hutumia risasi zenye ukingo wa nje kwenye kitako, .303 na 7.62x54R, na hata macho ya mgeni huziona kuwa za kabila jingine. Somo la undugu wa Mauser na Springfield linafanyika kwenye meza ya maonyesho, bila bolti, ambako kwa kweli linaeleweka vizuri zaidi kwa sababu watu wanaweza kuzishika bolti zote mbili pamoja mkononi. Ni hapohapo panapofaa kumweleza mgeni kwamba askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1914 bado walibeba modeli ya 1871 ya milimita 11, ya baruti nyeusi, ambayo moshi wake uliwaonyesha walipo, huku wenzao wakiwa na 98 ya milimita 8: jeshi moja, risasi mbili.

Maelekezo ya kwanza kwa mgeni yalipata sentensi mpya, inayosemwa kabla ya kuelezwa kulenga: kitu chochote kikigoma, ondoa mkono, acha mtutu uelekee mbele, inua mkono mwingine. Hakuna bunduki hapa inayohitaji nguvu zako. Hiyo inahusu pia risasi isiyolipuka. Ukisikia mlio mkavu tu, bunduki inabaki imeelekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya bolti kufunguliwa, kwa sababu fataki ya zamani, kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako cha ganda, wakati mwingine huchelewa. Ukisikia mlio hafifu kuliko wa kawaida, husogezi risasi nyingine. Huenda kichwa kimekwama mtutuni, na cha pili kitapasua mtutu.

Kwenye Garand mgeni hajazi mwenyewe mara ya kwanza. Bolti yake huruka mbele yenyewe klipu inapoingia, na kidole gumba kilicholegea hubaki ndani. Mwenyeji hujaza, kwa klipu yenye risasi 2, na kwa risasi zenye shinikizo linaloifaa, za aina ya M2 ya kijeshi yenye kichwa cha gramu 9.7. Risasi nyingi za kisasa za uwindaji huendelea kusukuma gesi kwa nguvu mpaka mwisho wa mtutu na kupinda fimbo ya kuendeshea bolti, ambayo ni ghali na haipatikani kirahisi.

Masikio huzibwa mara mbili, kwa sifongo ndani na vifuniko nje, maana chini ya paa la uwanja mlio wa bunduki ya kijeshi unazidi desibeli 150. Mgeni anayefumba macho kabla ya kufyatua mara nyingi haogopi teke, anaogopa kelele.

Mwisho ni idadi. Kila mgeni anahitaji mwenyeji mmoja asiyefanya kazi nyingine, na dakika kumi na mbili hivi kwa kila meza ukihesabu maelekezo. Meza sita kwa saa mbili na nusu zinatoa zamu 72 ikiwa hakuna kinachosita, na 60 kwa hali halisi, yaani wageni 12 wakipita meza tano kila mmoja. Siku ya kisa chetu walialikwa 20. Mwenye Springfield aliitwa kubeba fremu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliye huru. Mwaliko unaofuata umeandikwa kwa watu 12, na wanachama wawili wameandikishwa kwa kazi ya fremu, usajili na chai pekee, bila bunduki.